Ukoko wa Mawe: Historia ya Kuzitambua Likeni, kutoka Marere ya Pwani hadi Miamba ya Mpwapwa

Miamba inayouzunguka mji wa Mpwapwa haina rangi moja. Juu ya jiwe la kijivu kuna mabaka meupe, ya manjano, ya rangi ya chungwa, ya kahawia na meusi, na mengi yamezungukwa na mstari mwembamba unaoyatenganisha na jirani zake. Sehemu ya rangi hizo ni madini ya jiwe lenyewe au madoa ya maji, lakini sehemu kubwa ni viumbe hai: likeni za ukoko.

Likeni si mmea mmoja. Ni muungano wa kuvu na kiumbe kingine kinachojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ambacho huwa ni mwani wa kijani au sianobakteria. Kuvu hujenga mwili, hushika maji na chumvichumvi, na hutoa kivuli; mwenzake hutengeneza sukari inayowalisha wote wawili. Wataalamu huzigawa likeni kwa umbo katika makundi makubwa matatu. Likeni za kichaka husimama au kuning'inia kama nyuzi. Likeni za majani hulala juu ya gome au jiwe, lakini zina upande wa chini unaoweza kubanduliwa kwa kisu. Likeni za ukoko hazina upande wa chini. Kama ukoko wa wali ulioshika sufuria, haziondoki bila kuondoka na kipande cha kile zilichokishika. Nyuzi zake huingia kati ya chembe za jiwe au ndani ya gome, na mara nyingine kinachoonekana nje ni vijitundu vya uzazi tu.

Hilo moja, yaani kutobanduka, limeamua historia yake yote. Aina nyingi za likeni duniani ni za ukoko, na katika nchi kavu ndizo zinazoonekana kwanza. Hata hivyo zilikusanywa mwisho, zikaelezwa mwisho, na vitabu vya kuzitambua vikachelewa kuliko vya wenzake. Kuzielewa kulihitaji kuacha kutazama sura ya nje na kuingia ndani: kwanza kwenye spora, yaani chembe zake za uzazi, kisha kwenye kemikali, na hatimaye kwenye vinasaba.

1753–1860: Kutoka fungu moja hadi hadubini

Mwaka 1753 Mswidi Carl Linnaeus alipopanga mimea yote iliyojulikana Ulaya, aliziweka likeni zapata themanini katika jenasi moja tu, akaiita Lichen, na kuihesabu pamoja na mwani. Zile za ukoko alizitanguliza katika orodha chini ya jina linalozifananisha na ngozi yenye ukoma. Kwa macho matupu hakukuwa na mengi ya kusema juu yake zaidi ya rangi, na rangi hubadilika kwa mwanga, umri na unyevu.

Mgeuko wa kwanza ulifanywa na mmoja wa wanafunzi wake wa mwisho, Erik Acharius, daktari wa mji wa Vadstena. Katika vitabu alivyotoa mwaka 1803, 1810 na 1814, Acharius aliigawa jenasi ile moja kuwa nyingi, akatunga istilahi za sehemu za mwili wa likeni ambazo hutumika hadi leo. Muhimu zaidi kwa likeni za ukoko, alielekeza macho kwenye viungo vya uzazi. Baadhi ya koko hizo zina visahani vilivyo wazi. Nyingine zina vichupa vilivyozama, vyenye tundu dogo juu. Nyingine zina mistari myeusi iliyojipinda mithili ya maandishi. Makundi hayo matatu bado ndiyo hatua ya kwanza ya kuzitenga.

Visahani peke yake havikutosha, kwa kuwa likeni mbili zisizo na undugu zinaweza kuwa na visahani vinavyofanana. Katika miaka ya 1840 na 1850, hadubini zilipokuwa bora na bei yake kushuka, Waitaliano Giuseppe De Notaris na Abramo Massalongo, pamoja na Mjerumani Gustav Körber, walianza kuzipanga likeni kwa spora zake. Walitazama kama spora ni ya rangi ya kahawia au haina rangi, ina chumba kimoja, viwili au vingi, na mfuko mmoja unaozitunza una spora ngapi. Jenasi nyingi za likeni za ukoko zinazotajwa katika vitabu vya leo zilizaliwa katika kipindi hicho kifupi.

Karne ya 19: Biashara ya marere

Wakati wataalamu wa Ulaya wakikata visahani kwa wembe, wafanyabiashara wa Zanzibar walikuwa wakizijua likeni kwa njia nyingine. Katika miti na vichaka vya sehemu kavu za pwani, kutoka Benadir na Lamu kwenda kusini hadi Msumbiji, hukua likeni ya kichaka ya kijivu iitwayo marere, ambayo wataalamu wanaiweka katika jenasi Roccella. Katika karne ya 19 ilikusanywa, ikaletwa Zanzibar na kupelekwa Ulaya kwa shehena. Huko ilichachushwa kwa amonia, ambayo zamani ilipatikana katika mkojo uliolazwa, na kwa hewa, hadi ikatoa rangi ya zambarau ya kutia hariri na sufu.

Marere si likeni ya ukoko, lakini historia yake inahusika kwa sababu mbili. Kwanza, koko nazo zilikuwa na biashara ya namna hiyohiyo. Huko Uskoti, Cuthbert Gordon alipata hataza mwaka 1758 ya kutengeneza rangi kutokana na likeni ya ukoko ya jenasi Ochrolechia, iliyokwanguliwa miambani. Pili, asidi zinazotoa rangi hiyo ndizo zilizokuja kuwa kipimo cha kuzitambua likeni. Watia rangi waliifahamu kemia ya likeni kabla ya wataalamu wa mimea kuigeuza kuwa chombo chao.

Rangi za viwandani ndizo zilizoiua biashara hiyo. Mwaka 1856 William Perkin alitengeneza zambarau ya kwanza kutokana na lami ya makaa ya mawe, na rangi nyingine za viwandani zikafuata. Kufikia mwisho wa karne, marere haikuwa tena bidhaa ya maana katika forodha ya Zanzibar, na ujuzi wa kuitafuta ukafifia pamoja na soko lake.

1866–1879: Matone ya kemikali na ugomvi wa viumbe wawili

Mwaka 1866 William Nylander, Mfini aliyeishi Paris, alitangaza njia ya kutambua likeni kwa tone la kemikali. Alitumia magadi makali ya potasi, dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, na iodini. Likeni mbili zinazofanana kwa kila kitu zinaweza kutengana papo hapo: moja ikageuka nyekundu chini ya tone, nyingine isigeuke kitu. Wekundu unaoletwa na klorini, kwa mfano, hutokana na asidi za ukoo uleule uliowapa watia rangi zambarau yao. Njia hiyo ilipingwa na wengi walioona kwamba sura ndiyo inayopaswa kutawala, lakini haikuondoka.

Mwaka uliofuata Mswisi Simon Schwendener alitoa hoja nzito zaidi: likeni si kiumbe kimoja bali ni kuvu inayoishi na mwani. Alimweleza kuvu kuwa bwana na mwani kuwa watumwa wake, maneno yaliyowaudhi wengi. Nylander mwenyewe aliikataa hoja hiyo hadi kufa kwake mwaka 1899, na Mskoti James Crombie aliiandikia makala za kejeli. Kilichoimaliza hoja ni majaribio. Mwaka 1877 Ernst Stahl alichukua spora na mwani wa likeni ndogo ya udongoni ya jenasi Endocarpon, akazikuza pamoja, na likeni kamili ikatokea. Miaka miwili baadaye Anton de Bary alitumia mfano wa likeni kueleza dhana ya viumbe tofauti kuishi pamoja, dhana iliyokuja kuwa msingi wa elimu ya ikolojia.

Kwa likeni za ukoko matokeo yalikuwa makubwa. Ikiwa kuvu ndiyo inayojenga umbo na kuzaa spora, basi jina la likeni ni jina la kuvu yake. Kanuni za kimataifa za majina ya mimea ziliweka jambo hilo wazi katika miaka ya 1950. Ukoko ukaacha kuwa mmea duni na kuwa kuvu iliyopata njia ya kujilisha juani.

1876–1914: Mpwapwa kwenye njia ya misafara

Mpwapwa iliingia katika historia ya elimu ya viumbe kwa sababu ya maji. Misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani kwenda Unyamwezi ilipumzika hapo kabla ya kuvuka nyika ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871. Wamisionari wa Church Missionary Society walifika mwaka 1876 na baadaye wakafanya kituo cha kudumu.

Mmoja wa wamisionari waliopita mwaka 1882, James Hannington, alikuwa mpenzi wa viumbe vidogo. Katika safari ile ngumu ya kuelekea Ziwa Viktoria alikusanya kuvumwani, ambazo hapa ni mimea midogo ya kijani na si likeni, pamoja na mimea mingine, na baada ya kuuawa kwake Busoga mwaka 1885 mikusanyo yake ilichunguzwa Ulaya. William Mitten alitoa orodha ya kuvumwani zake mwaka 1886. Upande wa likeni, Johannes Müller wa Geneva, aliyechapisha mwaka 1890 makala juu ya likeni za Afrika ya mashariki, aliipa likeni moja jina la Hannington. Ilikuwa likeni ya majani.

Uchaguzi huo haukuwa wa bahati. Msafara ulibeba mizigo kwa vichwa vya wapagazi; likeni ya majani hukunjwa katika karatasi, lakini ukoko huja na jiwe lake, na humtaka mkusanyaji awe na nyundo, patasi na wapagazi wa ziada. Aliyekuwa na haraka alibandua kilichobanduka.

Wajerumani walifungua kituo Mpwapwa mwaka 1887. Kilivamiwa mwaka 1889 na watu wa Abushiri, kiongozi wa vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, na kamanda wa Kijerumani Hermann Wissmann akakirudisha mwaka huohuo. Mwaka 1890 Franz Stuhlmann alipita akiwa na Emin Pasha, akikusanya mimea kwa ajili ya Berlin. Mikusanyo ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ilirundikana Berlin katika hebaria ya Dahlem, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na Adolf Engler alihariri kitabu kikubwa juu ya mimea ya nchi hiyo mwaka 1895. Kilimanjaro, Usambara na Uluguru, penye mvua na misitu, ndizo zilizopewa uzito. Uwanda wa kati ulikuwa njia ya kupita. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliichoma hebaria ya Dahlem, na sehemu kubwa ya vielelezo vya kipindi hicho ikateketea.

1920–1961: Ng'ombe, mvua na udongo mtupu

Chini ya Waingereza Mpwapwa ilipata sayansi ya namna nyingine. Ilikuwa makao ya Idara ya Mifugo ya Tanganyika, na swali lililowashughulisha wataalamu wake lilikuwa malisho. Kuanzia mwaka 1933 R. R. Staples aliweka mashamba madogo ya majaribio kwenye mteremko, akapima maji na udongo uliochukuliwa na mvua. Ardhi tupu isiyolimwa ilipoteza karibu nusu ya mvua iliyonyesha, na udongo wa tani zipatazo 146 kwa hekta kwa mwaka. Shamba la mtama lilipoteza takribani robo ya mvua na tani 78. Penye nyasi, maji yaliyopotea hayakufika asilimia 2, na penye kichaka kisicholishwa hayakufika hata asilimia 1, na udongo haukuondoka.

Vipimo vya Mpwapwa vilinukuliwa duniani kote, na vikawa mwanzo wa mfululizo mrefu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Anders Rapp na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Uppsala walipima mmomonyoko katika mabonde ya Dodoma. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa.

Katika hesabu hizo ardhi iligawanywa kwa kile kinachoifunika: nyasi, kichaka, mazao au utupu. Baadaye, tafiti za nchi kavu huko Marekani, Australia na kusini mwa Afrika zilionyesha kwamba ardhi inayoitwa tupu mara nyingi si tupu. Pasipokanyagwa, juu ya udongo hutanda gamba jembamba la sianobakteria, likeni na kuvumwani. Nyuzi zake hufunga chembe za mchanga, na sianobakteria huingiza nitrojeni katika udongo. Kwato huvunja gamba hilo kwa msimu mmoja, na kurudi kwake huchukua miaka. Likeni za ukoko, zilizokuwa jambo la miamba na magome, zikawa pia jambo la malisho, yaani sehemu ya swali ambalo Mpwapwa ilikuwa ikiliuliza tangu 1933.

1950–1988: Kitabu kikubwa na kilichoachwa nje

Mwaka 1950 hebaria iliyoanzishwa Amani tangu enzi za Wajerumani ilikuwa imehamia Nairobi na kuwa Hebaria ya Afrika Mashariki. Tanzania ilijipatia hebaria yake ya taifa huko Arusha baadaye, chini ya taasisi ya utafiti wa viuatilifu vya nchi za joto. Makabati yalikuwepo, lakini likeni zilihitaji wataalamu.

Walitokea wawili kutoka nje. T. D. V. Swinscow alikuwa daktari na naibu mhariri wa jarida la madaktari wa Uingereza, aliyesoma likeni kwa muda wake mwenyewe. Hildur Krog alikuwa mtaalamu wa likeni wa Oslo. Kwa takribani miaka ishirini walikusanya Kenya, Tanzania, Uganda na Ethiopia, wakatoa makala moja baada ya nyingine, na mwaka 1988 wakachapisha London kitabu cha likeni kubwa za Afrika Mashariki. Kilikuwa na funguo za utambuzi, maelezo na kemia ya kila aina, na bado ndicho kinachofunguliwa kwanza na anayeanza kazi hiyo katika nchi hizi.

Likeni kubwa maana yake ni za majani na za kichaka. Za ukoko ziliachwa nje. Swinscow hakuzidharau: jina lake huko Uingereza lilijengwa na makala zake za miaka ya 1960 juu ya likeni za ukoko zenye vichupa, hasa jenasi Verrucaria inayoshika mawe ya mitoni. Alijua kwa hakika kazi inayodaiwa na likeni hizo. Kila kielelezo lazima kikatwe kwa wembe na kupimwa spora, na majina ya zamani lazima yalinganishwe na vielelezo asilia vilivyotawanyika kutoka Geneva hadi Vienna, vingine vikiwa vimeungua Berlin. Kitabu cha aina hiyo kwa likeni zote kisingemalizika. Uamuzi wa busara wa waandishi wawili ukawa na matokeo marefu: kwa kizazi kizima, aliyejifunza likeni Afrika Mashariki alijifunza zile zilizokuwa kitabuni.

Tangu 1990: Vinasaba vyapanga upya

Kabla ya vinasaba, maabara ilikwisha kusonga mbele. Mjapani Yasuhiko Asahina aliongeza katika miaka ya 1930 kemikali nyingine ya tone, na mwaka 1970 Chicita Culberson na Hörður Kristinsson walisanifisha kromatografia ya tabaka jembamba, inayotenganisha asidi za likeni juu ya kioo kilichopakwa silika. Mwaka 1995 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba kuvu zilianza kuishi na mwani zaidi ya mara moja katika historia ya uhai. Umbo la ukoko, kwa hiyo, si dalili ya ukoo mmoja. Jenasi kubwa za zamani, kama Caloplaca ya rangi ya chungwa na Lecidea ya visahani vyeusi, zimekatwakatwa kuwa jenasi nyingi. Hesabu iliyotolewa mwaka 2016 iliweka likeni zinazojulikana duniani kuwa zaidi ya aina 19,000.

Afrika ilianza kupata zamu yake. Mwaka 2006 Andreas Frisch na wenzake walitoa kazi kubwa juu ya likeni za ukoko za jamii ya Thelotrema barani, zile ambazo visahani vyake vimezama katika vijishimo kwenye magome ya misitu yenye unyevu. Wataalamu wa Nairobi, Arusha na Helsinki nao wamefanya kazi pamoja juu ya likeni za milima ya Afrika Mashariki. Uzito bado uko milimani, lakini njia za kuingia ndani ya ukoko sasa zipo.

Kuzitambua leo: miamba na magome ya Mpwapwa

Historia hiyo yote inaonekana katika hatua anazofuata mtu anayetaka kuutambua ukoko. Kila hatua ni tabaka la karne moja au nyingine.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba ni likeni. Katika mawe ya Mpwapwa, mkojo wa pimbi uliokauka huacha michirizi myeupe na ya kahawia chini ya mapango yao, chuma cha jiwe hutoa madoa mekundu, na ndege huacha vinyesi vyeupe. Katika miti, udongo wa mchwa na wadudu gamba hudanganya. Ukoko wa likeni hulowa polepole ukitiwa maji, mara nyingi hubadilika rangi kuelekea kijani, na ukikwanguliwa kidogo kwa ncha ya kisu huonyesha tabaka la kijani chini ya ngozi. Rangi ya tabaka hilo ina habari zaidi. Kijani kibichi ni cha mwani wa kawaida wa likeni za juani. Manjano ya chungwa hutokana na mwani uitwao Trentepohlia, ambao huenea zaidi kwenye kivuli na unyevu. Kijani cha buluu kinachokaribia weusi ni sianobakteria.

Hatua ya pili ni mahali. Mji wa Mpwapwa uko mita elfu moja na zaidi juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya kiangazi kirefu cha nusu mwaka. Miamba yake ni ya zamani sana, ya aina ya naisi na jamii zake, isiyo na chokaa nyingi. Na likeni zinazopenda jiwe la chokaa si zile zinazopenda naisi au graniti. Jiwe lililo juani siku nzima hubeba koko ngumu za manjano, kahawia na kijivu. Mkondo mweusi unaoteremka kwenye mwamba mahali maji ya mvua yanapopita mara nyingi ni sianobakteria, na kati yake huwa na vigamba vidogo vya jenasi Peltula, vinavyokauka kabisa na kuamka dakika chache baada ya kulowa. Kupanda kuelekea Kiboriani, na mbali zaidi kwenye misitu ya Rubeho, Mang'aliza na Wota, ukungu huleta unyevu, na likeni za magome zenye mwani wa chungwa huongezeka.

Hatua ya tatu ni umbo, kwa kioo cha kukuza mara kumi. Ukoko unaweza kuwa laini, wa chembechembe, wa unga mtupu usio na visahani, au uliopasuka katika vipande vidogo vyenye pembe. Ukingo nao hutazamwa: mstari mweusi unaozunguka baka ni nyuzi za kuvu zisizo na mwani, na pale mabaka mawili yanapokutana mstari huo huonyesha mpaka kati ya likeni mbili. Kisha huja visahani. Kisahani chenye ukingo wa rangi ya ukoko wenyewe, kama cha jenasi Lecanora, hutofautiana na kisahani chenye ukingo mweusi wake chenyewe, kama cha Buellia. Katika Acarospora visahani huzama ndani ya vipande vya ukoko. Kwenye gome laini, mistari myeusi huelekeza kwa Graphis na jamaa zake. Vitundu vyeusi huelekeza kwa likeni za vichupa, kama Pyrenula.

Hatua ya nne ni tone. Ukoko wa rangi ya chungwa wa jamii ya Caloplaca hugeuka zambarau iliyoiva mara tu ukiguswa na magadi makali ya potasi. Ukoko mweupe mnene wa Diploschistes, wenye visahani vilivyozama, hugeuka mwekundu kwa klorini. Ukoko wa kijivu unaogeuka manjano na kisha mwekundu kwa magadi una asidi nyingine. Tone liwekwe kwenye kipande kidogo kilichokatwa, kwa kuwa magadi hayo huunguza ngozi na huharibu likeni iliyobaki.

Hatua ya tano ni hadubini, na hapa ndipo jina la jenasi huthibitika. Sehemu nyembamba ya kisahani hukatwa kwa wembe na kuwekwa katika tone la maji. Spora za kahawia zenye vyumba viwili humaanisha Buellia au jamaa yake. Spora ndefu zisizo na rangi, zilizogawanyika mara nyingi kwa kukingama, ni za kawaida katika Graphis. Mfuko wenye spora ndogo mia moja au zaidi, ambao ni jambo la nadra, huelekeza kwa Acarospora au jamaa zake. Jina la aina huhitaji mara nyingi kromatografia, na katika makundi magumu, vinasaba.

Kielelezo chenyewe hukusanywa kwa nyundo na patasi, kipande kidogo penye mabaka mengi, na huachwa mahali palipo na baka moja tu au kwenye mwamba wenye michoro ya kale. Huwekwa katika bahasha ya karatasi, si ya plastiki, ili kisiote ukungu, na huandikwa mahali, mwinuko, aina ya jiwe au mti, na tarehe. Bila maandishi hayo hata jina sahihi halina kazi.

Faida ya jina

Likeni za ukoko hukua taratibu, nyingi kwa chini ya milimita moja kwa mwaka. Mtaalamu wa Austria Roland Beschel alitumia jambo hilo mwaka 1950 kukadiria umri wa mawe yaliyoachwa na barafu, na njia yake imetumika pia kwenye Mlima Kenya. Kwa uwanda wa kati faida ya kwanza ni ya karibu zaidi. Baka lenye upana wa kiganja juu ya jiwe huashiria kwamba jiwe hilo halijageuzwa kwa miongo mingi. Gamba la likeni juu ya udongo huashiria kwamba kwato hazijapita hivi karibuni. Na kupotea kwa likeni za magome ya unyevu katika msitu wa mlimani huashiria kwamba msitu umefunguka na kukauka, hata kama miti mikubwa bado imesimama.

Dalili hizo husomeka tu pale likeni zinapokuwa na majina, kwa sababu ukoko mmoja huvumilia jua na vumbi ambavyo mwingine hufa navyo. Orodha ya likeni za ukoko za wilaya moja kama Mpwapwa, yenye vielelezo vilivyohifadhiwa Arusha au Dar es Salaam na funguo zilizoandikwa kwa mawe na miti ya hapo, ingeziunganisha kazi mbili zilizokwenda kila moja peke yake tangu karne ya 19: ile ya waliokusanya kilichobanduka, na ile ya waliopima ardhi wakiiita tupu.